Vitambaa Nilivyovifumua

Mimi mdomo wangu huniponza. Mwaka huu, mwezi wa sita, akina mama wa kanisa letu hapa Kitale walikubaliana kila mmoja afume kofia tano, zile marvin, tuwapelekee wazee wa Misikhu kabla baridi haijawauma. Nikasema tano ni mchezo wa watoto, mimi nitaleta kumi. Ati kumi!

Uzi niliokuwa nao uliishia kwenye kofia ya sita, na safari ilikuwa imebakiza siku tatu. Nikakumbuka katoni iliyokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na vitambaa vya makochi na kikubwa cha meza, vyekundu, seti nzima, ambavyo mama yangu alinifumia nilipoolewa, kabla macho yake hayajafifia. Nilivitoa nilipoleta makochi ya ngozi, kwa sababu jirani mmoja aliniuliza kama hapa ni kwa bibi yangu. Nilichukua makasi, nikatafuta ncha, nikavuta. Kitambaa kilichomchukua mama wiki nzima kilifumuka kabla chai yangu haijapoa. Nikavifumua vyote, hata kile cha meza. Haki ya Mungu, sikusikia chochote moyoni. Nilifurahi tu kwamba uzi bado ni mzima.

Nilizifuma kofia kwa vinundu vinene, vile unavyozungusha uzi mara tano kwenye sindano ya kroshia ndipo uuvute wote pamoja, ili zishike joto. Mafundo ya mama niliyaacha yalivyo. Yeye alikuwa anaunganisha vipande vifupi vya uzi, na kila kiungo alikifunga mafundo matatu, madogo kama punje za wimbi. Niliyasukumia ndani. Nani atapekua kofia ya bure?

Siku yenyewe, kwenye kanisa la Misikhu tulikogawia kofia, mama alikuwa kwenye benchi la kwanza, maana kwetu nilikozaliwa si mbali na hapo. Nilikuwa nimemwekea ya buluu, lakini mtu alikuwa ameshaigawa. Mkononi nilibaki na nyekundu. Wenzangu wakaanza kelele, "Wewe, si umvalishe mama yako!"

Nikamvalisha. Wakapiga makofi. Mama akaivua, akaingiza vidole ndani, akapapasa polepole. Kidole gumba kikasimama.

"Huu si mkono wangu?" aliniuliza chini kwa chini, wenzangu wasisikie. Hata hapo alinisitiri.

"Ni kauzi kalikobaki tu, Mama."

"Vitambaa vyangu vipo?"

"Vipo. Kile kikubwa cha meza kiko pale pale."

Akaivaa tena, akaishusha hadi masikioni. "Basi Disemba nikija kwako nitakipapasa. Kukiona siwezi, lakini nitajua kipo."

Woi! Ningesema ukweli pale pale, angenigombeza, ningelia, yangeisha. Lakini niliona haya mbele ya watu waliokuwa wakinishangilia kwa wema wangu. Wema gani huo, bana? Nilimvua mama yangu nikamvalisha cha kwake, halafu akaniambia asante.

Njia ya mwongo ni fupi, na Disemba iko mlangoni. Nimetafuta uzi wa rangi ile Kitale nzima, nikaupata Bungoma. Kitambaa cha meza nimekifuma mara nne, nikakifumua mara nne. Mafundo matatu nayafunga vilevile, lakini yangu yanakaa kama kokoto. Mama atajua kabla hajaketi.

Uzi wake uliobaki ni kibonge kidogo kama limau. Mwingine uko kwenye vichwa vya wazee watatu nisiowajua, na kwenye kichwa chake. Dada yangu anayekaa naye ananiambia kofia ile haivui hata akila.