Fungu la Droni

Mume wa dada yangu, shemeji yetu wa Bungoma, ana kibali cha kurusha droni, na ukikaa naye dakika tano utaonyeshwa. Alipotutembelea Kitale alikataa katakata kuirusha pale mtaani kwetu, Tuwan. Ati uwanja wa ndege hauko mbali, na sheria ya anga ni sheria. Nilimheshimu kwa saa moja hivi.

Kisha tukaenda shambani kwa baba huko Saboti, akairusha juu ya mabua ya mahindi yaliyovunwa kutafuta sungura. Kuwinda ni marufuku nchi nzima na sote tulijua, lakini hiyo haikuwa sheria ya anga. Sungura alikimbia, droni ikamfuata. Akajificha, ikashuka kumvumia kichwani mpaka akatoka. Mwishowe alilala tu kwenye mabua, pumzi zimemwisha, na shemeji akamwokota kama mtu aliyeangusha kofia.

Kwetu, mwenye mbwa aliyemwona mnyama kwanza hupewa paja, na mbwa hulishwa maini kabla ya mtu yeyote kuonja. Nyama ilipoiva, shemeji alinyoosha sahani mbele ya baba mkwe wake bila haya.

"Mzee, si droni yangu ndiyo ilimwona kwanza?"

Baba, aliyewinda na mbwa ujana wake wote, alimpa paja bila ubishi. Kisha akaweka maini chini, mbele ya droni.

"Tungoje ionje kwanza," akasema.

Tulingoja mpaka nyama ikapoa.