Vani la Paa Refu

Kwenye karakana ya magodoro walimwita Taratibu, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Wapakiaji walisema konokono akimpita humpigia honi. Yeye hakujali. Aliendesha vani la zamani mpaka injini ikakata roho njiani.

Mama mwenye karakana akaazimwa na muuzaji magari mawili ya kujaribu: moja la kijivu, la paa fupi, jingine jeupe, refu kiasi cha mtu mzima kusimama ndani bila kuinama.

"Taratibu," alisema, "yote mawili yanameza magodoro yangu. Nataka linalokunywa dizeli kidogo. Wewe pima, mimi nitanunua utakalosema."

Taratibu alilitamani jeupe tangu alipolipanda. Mke wake alikuwa amepasuliwa mgongo, na tangu hapo hakuweza kukaa kitako kwa muda mrefu. Safari ya basi ilikuwa haimfai tena. Binti yao alijifungua katika mji wa mbali, na bibi alikuwa bado hajamshika mjukuu. Mama mwenye karakana alikwisha kusema kwamba Taratibu akienda likizo aende na gari. Ndani ya lile jeupe mkewe angelala kwenye godoro, na akichoka wangeegesha kando, asimame palepale ndani ajinyooshe, bila kupandishwa na kushushwa.

Kupima mafuta kuna adabu yake. Unajaza tangi mpaka shingoni, unalitikisa gari kushoto na kulia ili hewa iliyojificha itoke na dizeli ichukue nafasi yake. Unakwenda safari yako, unarudi pampu ileile, unajaza na kutikisa vilevile. Kilichoingia ndicho lilichokunywa. Gari la kijivu alilipima hivyo, kwa haki. Kesho yake akalijaza jeupe na kulitikisa vilevile, akalipeleka njia ileile na mzigo uleule. Kwenye barabara ya wazi alihisi upepo ukilisukuma kifuani, na mguu wake ukazidi kukanyaga. Alijua jibu kabla hajarudi.

Aliporudi kituoni, pampu ilipojikata yenyewe, alisema, "Inatosha hapo."

"Eh, mzee!" dada wa pampu alishangaa. "Mara hii hulichezeshi? Jana ulilitikisa lile jingine mpaka likataka kutapika."

"Fanya kazi yako, dada."

Hewa ikabaki tangini, dizeli ikaingia kidogo, na jeupe likaonekana halina kiu. Wengine watasema hakuiba kitu, na kweli hakuchukua hata tone. Lakini aliyeaminiwa kupima, akipima kwa tamaa yake, amekwisha kumwibia aliyemwamini. Wizi huo ni mbaya kuliko mwingine, kwa sababu mwenye mali hakufunga mlango.

"Basi tunachukua jeupe," mama alisema kwa furaha.

Nyumbani mkewe alimsikiliza akiwa amelala chali sakafuni, juu ya blanketi.

"Hilo refu ndilo linakunywa kidogo?"

"Ndilo."

Alikuwa ameishi na dereva miaka mingi. "Ulilitikisa?"

Taratibu akainama kuvua viatu. Kamba zilimchukua muda.

"Baba watoto, nakuuliza."

"Nataka ukamwone mtoto."

"Na mimi nataka, mpaka naota harufu yake. Lakini nitalala humo nikiifikiria dizeli ya yule mama. Mgongo unaniuma vya kutosha. Usiniongezee na moyo."

Asubuhi alimkuta mama mwenye karakana akikata sponji. "Mama, vipimo vya jeupe si vya kweli. Sikulitikisa niliporudi. Nililitaka kwa ajili ya mke wangu."

Mama akaweka kisu chini. "Wewe? Huyuhuyu anayesimama hata taa ikiwa ya njano?"

"Mimi."

"Ningegundua mwenyewe, leo usingekuwa na kazi." Akakiokota kisu. "Kapime upya. Na safari hii mshonaji wangu anakwenda na wewe."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Hakuwahi kuwekewa mlinzi. Mshonaji alikaa kando yake njia nzima, akiangalia mshale wa mafuta. Jeupe lilishindwa vibaya. Mama akanunua la kijivu, lakini ahadi ya likizo hakuifuta.

Safari ilikuwa ndefu na ya kusimamasimama. Kila baada ya kitambo Taratibu aliegesha, akafungua milango ya nyuma, akamshika mkewe makwapani na kumshusha. Mke alisimama akiwa ameshika mlango, akilaani paa na aliyelibuni. Kisha akapandishwa tena, akiguna.

"Tumefika wapi?" aliuliza, maana nyuma hakukuwa na dirisha.

"Tunapita shamba la alizeti."

"Muongo."

"Haki ya Mungu. Yote yametupa kisogo."

Akacheka, kucheka kukamuuma, akamwambia anyamaze aendeshe.

Walipofika, binti yao alitoka mbio na mtoto mkononi. Taratibu alikwisha kufungua milango, akanyoosha mikono.

"Usinishushe kwanza," mkewe alisema. "Mleteni humuhumu."

Binti akainama, akaingia kwa magoti, akamlaza mtoto kwenye godoro, ubavuni mwa bibi yake.