Usimuulize Bibi Kama Mtoto Amekula

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, labda kwa sababu wakati huo bado nilikuwa na nguvu za kushangaa. Siku hizi nimechoka. Miguu yangu inavimba kabla ya saa sita, na bado kila asubuhi naenda hospitali hapa Bunia kulaza watu usingizi ili wapasuliwe, maana wale waliopaswa kunipokea kazi walikimbia vita au walipata pa kwenda. Kwa hiyo nisikilize kidogo, kisha uniache nikapumzike.

Nilikuwa msichana, niko kwenye mafunzo. Mkubwa wangu alikuwa muzee Ngabu, ambaye alitibu ng'ombe miaka mingi kabla ya kuanza kulaza watu. Wenzangu walimtania kwamba bado ananuka zizi. Alicheka pamoja nao, akaendelea kunawa mikono.

Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya Batsi, mtoto mdogo mwenye ngiri. Bibi yake alikuwa amemleta kutoka Bogoro kwa miguu, mara amshike mkono, mara ambebe mgongoni, na barabara ile unaijua mwenyewe ilivyo. Sheria yetu ilikuwa kwamba anayelazwa usingizi asile kitu tangu jioni. Nikamwendea bibi, nikauliza kama nilivyofundishwa.

"Mutoto alikula leo?"

"Hapana, mama. Hakukula."

Nikamwambia daktari tuko tayari. Lakini muzee Ngabu hakushika sindano. Alivuta kiti, akamsalimu bibi, akauliza habari za mashamba, za mvua, za watu waliobaki Bogoro. Daktari akawa anaangalia saa. Ndipo muzee akasema, kama mtu mwenye hamu ya kuonja:

"Na hii asubui mulipika nini?"

"Bugali na samaki ya Kasenyi," bibi akajibu, uso umechangamka.

"Batsi aliipenda?"

"Ee! Alimaliza yote, mpaka alilamba sahani."

Unajua wagonjwa wetu hupikiwa na ndugu zao kule nyuma ya hospitali. Na kwetu mtu hatumwi safari na tumbo tupu. Kwa bibi yule kisu cha daktari kilikuwa safari, tena safari ambayo wengine hawakurudi. Alimlisha mjukuu wake kungali giza, chini ya blanketi, ili hata kama ni kufa asife na njaa. Ulikuwa upendo, mwanangu.

Daktari aliwaka moto. "Mama, weye iko nadanganya! Unataka mutoto akufe mu mikono yetu?"

Bibi akamvuta mjukuu wake kifuani. Muzee Ngabu akasimama, na hasira yake ilitugeukia sisi.

"Dokta, acha huyu mama. Siye ndio tulimufundisha kudanganya. Juzi wale walisema 'amekula' tuliwafukuza, warudie kwao. Wote kule jikoni waliona. Huyu alitoka Bogoro na miguu. Weye ungesema kweli?" Akanitazama mimi. "Na weye, binti. Hata muchungaji, ukimuuliza kama ng'ombe amekula, atasema hapana, juu ya kuogopa mwenye ng'ombe. Mimi namuulizaka: leo ulichungia wapi? Hapo ananionyesha mpaka majani."

Tangu utoto nilikuwa nasikia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mwenye kuficha huwa amefundishwa na mtu kuogopa.

Muzee akamweleza bibi taratibu kwamba dawa ikimlaza mtu, koo nalo hulala. Chakula hupanda kutoka tumboni, kikaingia kwenye mapafu, na pumzi ikakatika. Bibi akashika kichwa. "Mungu wangu, nilitaka kumuua mutoto wangu?"

"Hapana, mama," muzee akasema. "Ulitaka kumushibisha."

Hakuwarudisha Bogoro. Waliachiwa kitanda, na siku ya pili yake bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa mlinzi. Shangazi wa mtoto alikuja na kikombe cha uji, akafukuzwa kama mbuzi aliyeingia shambani. Batsi alipasuliwa, akaamka analia.

Sasa nyinyi mnaojifunza kazi yangu mmekuja na utafiti. Ule ulionionyesha kwenye simu nimeusoma, ingawa macho yaliniuma. Wanasema tuliwatesa watoto bure kwa kiu, kwamba maji matupu yanaweza kunywewa hadi karibu na saa ya kulazwa. Naamini. Nimewaona watoto wakilamba midomo tangu jana yake, sisi tukingoja umeme urudi. Na hiyo mashine mnayoisifu, ya kutazama kama tumboni mna chakula, ni nzuri, hata vijana wa mifugo wanaitumia kwa ng'ombe wenye mimba. Siipingi. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Lakini majibu uliyokusanya wodini yamenitia hofu. Karibu wote wamesema mtoto hajala. Bunia yote ina njaa kiasi hicho? Hata kule kambini kwa watu waliokimbia vita Djugu, mama hukosa yeye ili mtoto apate. Ukiamini majibu hayo, kesho utaruhusu maji, na bibi mmoja ataongeza chai ya maziwa kwa huruma, kisha atakuambia hapana. Mtoto wake ndiye atakayelipa. Nimewaona wasioamka, mwanangu. Uchovu wangu mwingi umetoka hapo.

Basi shika neno hili. Kabla ya kuuliza, hakikisha kwamba ukweli hautamfukuza mtu. Mwambie mapema kwamba aliyekula atangojewa, hatarudishwa nyumbani, na ahadi hiyo uitimize mbele ya macho ya wote. Kisha kaa chini, usimame tu ukiwa umemaliza kusikia. Uliza kimepikwa nini, nani alipika, nani alibakiza. Na hayo uyaandike kwenye utafiti wako, hata yakiuharibu.

Nenda sasa, zamu yako imefika. Mungu akupe uso ambao maskini hatauogopa. Akulindie mikono na subira hata siku utakapochoka kama mimi. Na kila mtoto utakayemlaza, mwanangu, aamke akiomba chakula.