Swali la Saba

Siku ile ukumbini tulikuwa wanawake wanne. Mama yangu mzazi, amekaa juu ya mkeka, siniya mbele yake. Mwenzake wa biashara, ambaye mimi na kaka yangu tukimwita mama mdogo ingawa hatukuwa damu moja. Wao wawili walikuwa mashoga tangu utotoni, chuo cha Kurani, wakisomea msahafu mmoja. Wa tatu mgeni, bibi wa Kidichi, shangazi wa bwana harusi mmoja wa huko kwao, alokuja mjini kununua udi wa harusi. Wa nne mimi, binti wa miaka kumi na nne, na barua ya kaka mkononi. Majina yao yote nnayo, hata la paka wa mama mdogo. Siyaandiki kwa sababu wajukuu wa watu wapo, na haya ninayoyasema yana aibu ndani yake, na sehemu kubwa ya aibu ni yangu.

Kaka alikuwa Uingereza, chuo kikuu, akisoma uhasibu na sheria za biashara. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mtaani kwetu hapa Mji Mkongwe mtu akikuuliza kijana wenu anasomea nini, ukimjibu "uhasibu" hakuelewi. Tukisema tu anasomea hesabu. Watu wakimwambia mama, "Hesabu hata kwa Muhindi wa dukani si angejifunza?" Mama hucheka.

Mwaka wake wa mwisho alitakiwa afanye utafiti, aandike kitabu chake mwenyewe. Akaleta barua, ile karatasi ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha. Akaandika: "Mwalimu wangu haamini kwamba watu wawili wanaweza kushirikiana biashara miaka ishirini bila hati, bila daftari, na wasifikishane kwa kadhi. Nimemwambia mimi nnawajua. Waulize maswali haya kwa mpangilio wake, usiruke hata moja, uandike wanavyojibu wenyewe."

Mimi nilisoma madarasa manne, nikatolewa nikawekwa ndani. Mtu kama mimi akiambiwa na msomi asiruke, haruki.

Biashara yao ilikuwa udi. Sukari inachemshwa na mawardi, yale maji ya waridi, mpaka inavuta, vinatiwa vipande vya udi, miski, zaafarani kidogo, vinaanikwa. Alkhamisi wanagawana, kila mmoja anawauzia wateja wake. Na kugawana kwao kulikuwa hivi: mmoja anagawa mafungu mawili kwenye siniya, mwengine anachagua. Wiki hii agawe mama, wiki ijayo mama mdogo. Mwenye kugawa hawezi kudhulumu, maana hajui atabakishiwa lipi. Lakini wale walikuwa na hila nyengine. Mama alijua mwenzake atachagua fungu dogo, basi lile kubwa alilibana kwa viganja, akalishindilia lionekane dogo. Mama mdogo akiliangalia weee, halafu anasema, "Shoga, unaniibia kinyumenyume."

Basi nikaanza kuuliza, na kalamu ya risasi. Mlianza na mtaji gani?

"Sufuria ya marehemu mamaangu," akasema mama mdogo, "na ulimi wa mamaako."

Nani mkubwa wa biashara?

"Jiko. Likizimika sote tunalipigia magoti."

Bibi wa Kidichi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nami nikaandika, nikaandika, nikajiona nami nimo chuo kikuu. Mama mdogo ndie alokuwa akijibu sana, kwa hivyo nilikuwa nikisoma huku nnamtazama yeye. Nikafika swali la saba, nikalisoma kwa sauti ile ile ya darasani.

"Mmoja wenu akifa, fungu lake atalirithi nani?"

Mama mdogo hakuwa na mtoto. Alizaa mmoja, akazikwa hajatimiza siku saba. Mumewe alikwisha kufa. Yote hayo nikiyajua, mtoto mzima mimi, na macho yangu yalikuwa usoni pake.

Kabla hajafungua mdomo, yule mgeni, alokwisha kumsikia akisema kwake anaishi na paka tu, akadakia, "Huyu? Andika paka!"

Na mama akacheka. Kicheko kifupi, cha kumstahi mgeni tu. Nilimjua mama yangu. Kile hakikuwa kicheko chake. Lakini kilitoka, na kikasikika.

Mama mdogo akapangusa vidole vyake kimoja kimoja. Akachukua buibui lake kwenye msumari.

"Shoga, wapi? Kaa, leo zamu yako kuchagua," mama akamwambia.

"Chagueni nyie wenye warithi."

"Jamani, mtoto kasoma barua tu!"

"Mtoto simlaumu, na mgeni wako hanijui." Akageuka mlangoni. "Wewe ndo unanijua. Na ulicheka."

Tulidhani hasira za siku mbili. Jumatano iliyofuata mama akatia sukari jikoni, akangoja, sukari ikaungua. Akanituma nikamwite. Nilibisha hodi, nikasikia, "Naam?" Nilipojitaja, hakufungua. Mara ya pili nikatumwa na fungu lake la udi ndani ya mkebe wa biskuti. Akafungua mlango kidogo, akasema, "Mrudishie mamaako. Mwambie sina wa kumwachia." Kisha akanirekebisha mtandio wangu ulokuwa umeteleza, akafunga. Mara ya tatu alikwenda mama mwenyewe, akakaa kwenye baraza ya mlango ule tangu baada ya alasiri mpaka magharibi, watu wanapita wanamsalimia, yeye anaitikia. Mlango haukufunguliwa. Hajenda tena.

Lakini kugawa hakuacha. Akipika peke yake, Alkhamisi anakaa mbele ya siniya, anafanya mafungu mawili, anabana lile kubwa kama zamani. Halafu anachukua dogo, na lile alilolishindilia analitia mkebeni. Nikimuuliza, "Mama, la nini na mwenyewe halitaki?" ananijibu, "Hakusema kama shirika limevunjika. Kasema hana mrithi. Ni maneno mawili mbalimbali."

Kwa kaka nilipeleka majibu sita. La saba nikaandika, "Hawajajibu." Sikumwambia zaidi, nikiona haya.

Ikapita mwaka na miezi. Mama akashikwa na homa, siku tisa, akafa. Mama mdogo alikuja kabla hatujampelekea habari. Hakuongea na mtu. Akavua buibui, akaingia kumuosha, na mwisho akamfukiza udi sandani.

Siku ya hitima, watu walipoondoka, nikamletea mkebe. Ulikuwa umejaa hata kifuniko hakishiki. Nikamwambia, "Mama mdogo, haya mafungu yako. Kila Alkhamisi akikuwekea."

Akaomba siniya. Akaumwaga udi wote, akaugawa mafungu mawili. Akalibana moja kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, kama anasukuma mtu. Akainua uso akatazama upande wa pili wa siniya, pale mama alipokuwa akikaa, akangoja. Mimi nilitaka kukaa pale. Nikabaki nimesimama.

"Ile karatasi ya kakaako unayo?"

"Nnayo."

"Swali la saba andika hivi. Mmoja akifa, aliebaki atagawa. Ila hana wa kumchagulia."

Nikaandika, na safari hii nikamweleza kaka yote yalotokea, nikapeleka posta siku ya pili. Kaka akajibu kwamba kitabu amekwisha kukikabidhi, na mwalimu amekisifu, na anaomba radhi za mama akiwa kaburini, kwani ndo kwanza ameyajua yote. Aliporudi nacho nyumbani nilikifunua, cha Kizungu, siwezi kukisoma. Alinionyesha kwa kidole ukurasa wao. Akasema pale pameandikwa wanashirikiana mpaka leo.

Haya ni ya miaka mingi. Aliekuwa akiwajua, akiona nimekosea, aniambie nisahihishe. Pengine mgeni hakuwa wa Kidichi, pengine homa ilikuwa siku kumi. Na kama yupo mtu alokuwako karibu, akasikia mama hakucheka, kwamba ilikuwa kikohozi tu, basi huyo asichelewe kuja kuniambia.