Alimwambia mkaguzi ukweli, akapewa siku sitini

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Ratidzo Mukwindidza ameketi jikoni kwa mzee Wilf Sowerby, nyuma ya gati la samaki mjini Grimsby, na mikono yake ameikalia. Ameikalia kwelikweli, viganja chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki.

Mbele yake wasichana wawili wa kampuni mpya wanamvika mzee soksi za kubana miguu. Ya kushoto imekwenda upande, kisigino kimepanda kwenye kifundo. Ratidzo ameona. Mzee naye ameona kwamba Ratidzo ameona.

"Mikono inakuwasha, eh?" anamchokoza. "Mwaka na zaidi ulinivika wewe. Leo umegeuka mgeni wa kunimalizia majani ya chai."

"Tulia babu, wakuvishe."

"Nimetulia. Mguu ndio umekataa."

Ratidzo anacheka kidogo, kisha uso unamrudia pale ulipokuwa. Haruhusiwi kugusa soksi ile. Mshauri wa sheria, ambaye huwasaidia watu kama yeye bila malipo, alimwambia wazi: asimhudumie mtu yeyote, hata kwa kukunja taulo, mpaka apate mwajiri mwingine wa kumdhamini. Ndiyo maana anaikalia mikono. Haiamini.

Mama huyu wa miaka arobaini na tatu alikuja Uingereza kutoka Mutare, Zimbabwe, kwa viza ya kazi ya kuhudumia wazee. Viza hiyo imefungwa kwa mwajiri. Mwajiri akipoteza leseni ya kudhamini wageni, mfanyakazi hupewa barua ya serikali yenye siku sitini: atafute mdhamini mwingine au afunge mizigo. Leo ni siku ya thelathini na nane. Zimebaki ishirini na mbili. Binti yake Tinevimbo, wa miaka kumi na mitatu, akirudi shuleni haulizi tena kuna chakula gani. Anauliza, "Wamejibu?"

Aliyepoteza leseni si Ratidzo. Kinachomchoma kuliko yote ni hicho.

Mutare alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, miaka kumi na tano ubaoni, mshahara ukigeuka makaratasi kabla ya kufika sokoni. Kanisani akaletewa habari za Elvis, kijana wa Kizimbabwe mwenye kampuni ya kuhudumia wazee majumbani huko Grimsby. Cheti cha udhamini kilitakiwa kitolewe na kampuni bila mgeni kulipa chochote. Wakala wa Elvis alikiuza pauni elfu sita. Ratidzo akauza kiwanja chake cha Dangamvura, kile alichokuwa amekwisha kukizungushia tofali.

"Niliuza mahali pa kujenga nyumba, nikanunua karatasi ya kwenda kumwogesha mzee wa mtu," anasema. "Na sikuona haya. Kuogesha mzee ni kazi. Haya ilikuwa ya yule aliyeniuzia."

Kwao, mwanamke wa ukoo wa Mhofu huitwa Chihera, na akina Chihera wanajulikana kwa mdomo. Anayetaka kumwoa mmoja huonywa mapema. Elvis naye ni wa Mhofu. Kwa mila yao, kila mwanamke wa ukoo ni shangazi yake, na shangazi huitwa tete. Basi siku alipompokea uwanja wa ndege, Elvis aliinama akapiga makofi ya viganja, yale ya heshima, akasema, "Karibu tete. Umefika kwa mtoto wako."

Mtoto wake akamweka kwenye nyumba yake ya kupanga, wanawake watano na sufuria moja nzuri. Mkataba ulisema saa thelathini na tisa kwa wiki. Wiki ya kwanza alipata kumi na nne. Kuna wiki alipata kumi na moja. Kati ya mzee mmoja na mwingine alikaa ndani ya gari saa tatu, saa nne, blanketi magotini, bila malipo, akisahihisha kichwani mitihani ya wanafunzi aliowaacha.

Ukilalamika, Elvis hakufoka. Alipiga makofi. "Tete, vumilia. Sisi ni damu moja. Unataka nirudishe cheti chako serikalini?"

Alilisema kwa sauti ya kuombea chakula. Na kila mwanamke pale alilielewa.

Kwa mzee Wilf hali ilikuwa mbaya zaidi. Mzee ana miaka themanini na saba, na tangu apigwe kiharusi hasimami. Maelekezo ya kumhudumia yanasema anyanyuliwe na watu wawili kwa mashine. Halmashauri ililipia watu wawili. Kila asubuhi alikuja Ratidzo peke yake.

"Mgongo wangu unajua uzito wa mzee huyu kuliko mizani," anasema.

Kila nyumba ya mzee ina faili la bluu jikoni. Mhudumu akiingia anaandika saa na jina lake kwa mkono, akitoka, vilevile. Mwalimu wa hesabu hakukosea hata siku moja. Saa moja kamili, Ratidzo. Saa moja na nusu, Ratidzo. Chini yake, mahali pa jina la mhudumu wa pili, alichora mstari. Miezi kumi na minne ya mistari.

Kisha wakaguzi wa serikali wakatoa taarifa kwamba wanakuja. Jumapili baada ya ibada Elvis alikuja kwenye nyumba ya wanawake na chungu cha mkia wa ng'ombe. Sadza, ugali wa kwao, ilisongwa, watu wakanawa. Akasimama.

"Wageni wanakuja. Kila mtu hapa ni saa thelathini na tisa. Ukiamshwa usingizini ukaulizwa, ni ngapi?"

"Thelathini na tisa," wakaitikia, midomo imejaa.

"Na anayepata kumi na moja aseme ngapi?" akauliza Ratidzo.

"Tete, hizo hesabu zako si uliziacha Mutare?" Watu wakacheka. Elvis akangoja wamalize. "Nikianguka mimi, nyote chini. Nimewabeba mgongoni."

"Wewe umetubeba?" Ratidzo akaweka tonge chini. "Nani kati yetu ana mgongo unaouma?"

Shuvai, mwenzake wa chumba kimoja, alimfinya paja chini ya meza. Shuvai alikuwa na watoto watatu nyumbani Masvingo wanaosoma kwa zile saa kumi na moja.

Siku ya ukaguzi Ratidzo aliitwa ofisini. Mkaguzi, mwanamke mwenye mafua, alikuwa na ratiba mezani. Ilionyesha kwamba kila asubuhi Ratidzo na Shuvai walimnyanyua mzee Wilf pamoja. Hivyo ndivyo Shuvai alivyofikishwa thelathini na tisa: kwa kuandikiwa zamu ya nyumba ambayo hakuwahi kuuona mlango wake.

"Ni kweli?" mkaguzi akauliza.

Elvis alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Akaliweka kabatini, akapiga makofi ya viganja, taratibu. "Tete," akasema kwa Kishona, "wasaidie wageni wetu."

Ratidzo anasema hakuwa amepanga lolote. Usiku kucha alikuwa akimfikiria Tine na shule yake. Lakini yale makofi yalimpanda kichwani. Akainuka.

"Miaka miwili unaniita tete. Haya, tete yako anasema. Kwetu shangazi ndiye anayemkanya mpwa mbele za watu, ndugu zake wakishaona aibu. Umekula jasho la dada zako, Elvis, na ukawafundisha kushukuru. Toka hapo mlangoni."

Elvis alitoka. Hata yeye hajui miguu ilimpelekaje. Mila aliyoitumia kama kamba ilikuwa imemfunga mwenyewe.

Kisha Ratidzo akamgeukia mkaguzi na kumweleza yote kwa Kiingereza cha darasani, nukta na mkato. Shuvai hajawahi kufika nyumba ile. Someni faili la bluu.

Mafaili, ofisi ikajibu, yote yalikuwa yamekusanywa wiki iliyopita "kwa kubadilishwa majalada", na kwa bahati mbaya hayaonekani. Nyumba kumi na tisa, mafaili kumi na nane. Moja lilikataa kuja.

Hapo mzee Wilf hakubali mtu mwingine asimulie.

"Yule Elvis alikuja peke yake, viatu vinang'aa," anasema, huku wasichana wakimfunga mkanda wa mashine. "Faili liko wapi, Bwana Sowerby? Nikasema sijui, mimi mzee. Akapekua kabati, akapekua juu ya friji, mpaka oveni akafungua, utadhani nimelioka. Mwisho akaona kona ya bluu inachungulia chini ya makalio yangu. Eti, naomba uinuke kidogo. Nikamwambia, kijana, kuninyanyua mimi ni watu wawili na mashine. Imeandikwa, na aliyetia sahihi ni wewe. Mwenzako yuko wapi?"

Anacheka mpaka anakohoa. Msichana mmoja anampiga mgongoni.

"Nilikalia faili lile siku nane," anaongeza. "Gatini nilikaa miaka thelathini na tano. Mtu anayekuja kuficha karatasi namjua kwa hatua."

"Ulipata kidonda," anasema Ratidzo.

"Kidonda kidogo. Cha heshima."

Mkaguzi alilisoma faili lile, na kampuni ikafutiwa leseni. Hapo ndipo hadithi ingeishia kama dunia ingekuwa na akili. Elvis angali anaendesha gari lake lile jeusi. Kanisani wanasema ameanza biashara ya kufua mashuka kwa jina la mke wake. Hakuna aliyempa yeye siku sitini. Barua za siku sitini zilikwenda kwa wanawake ishirini na saba waliodanganywa, kila mmoja na jina lake limeandikwa vizuri, herufi zote.

"Mwizi akikamatwa, aliyeibiwa ndiye anafukuzwa nyumbani," anasema Ratidzo. Sauti haipandi. Kidole chake ndicho kinagonga meza. "Halafu wanatuuliza kwa upole, kwa nini hamkusema mapema? Hiki ndicho tulichoogopa! Kusema kwenyewe ni hivi!"

Wenzake walimgeukia. Shuvai alimkuta dukani, kwenye nyanya, akampasulia mbele za watu.

"Si ungefunga mdomo, Mama Tine! Nilikuwa na saa kumi na moja, sasa sina hata moja. Chihera gani wewe? Watoto wangu watakula huo ushujaa wako?"

Ratidzo anasema alirudisha nyanya moja moja mahali pake, akatoka bila kununua kitu, akakaa kituo cha basi mpaka mabasi matatu yakapita.

"Alikuwa na haki ya kunitukana. Alikosea mtu tu."

Wiki mbili baadaye Shuvai aligonga mlango, ameshika bakuli la dagaa wa kukaanga na uso umevimba. Alikuwa amesikia Ratidzo anaandikisha madai mbele ya baraza la kazi, kudai saa walizoahidiwa.

"Namba moja ni nani?"

"Mimi."

"Niandike ya pili. Na usinikumbatie, bado nina hasira na wewe."

"Ingia basi na hasira yako, dagaa wanapoa."

Sasa wamefika kumi na wanne. Lakini baraza litachukua mwaka au zaidi, na Ratidzo ana siku ishirini na mbili. Ametuma maombi sitini na matatu. Hamsini na moja hayajajibiwa. Mengine yamejibiwa kwa sentensi moja: hatudhamini.

Saa nane mchana anashuka kwenye basi mjini Louth, shati limepigwa pasi, chini ya kwapa daftari la shule lenye jalada la kijani. Ni nyumba ya wazee ya vitanda thelathini, yenye leseni. Meneja, Bi Glenys, anauliza yale ya kawaida: je, anajua dawa, anaweza wikendi, amewahi kumhudumia mwenye kusahau? Ratidzo anajibu yote. Kisha Bi Glenys anafunga kalamu.

"Una swali lolote kwetu, mpenzi?"

Hapa mwombaji hutabasamu, husema hapana, asante sana. Ratidzo anafungua daftari.

"Ninayo kumi na moja."

Bi Glenys anacheka. Swali la kwanza: naomba kuona ratiba ya mwezi uliopita, ile iliyofanywa, si iliyopangwa. La pili: asiyetakiwa kwenye zamu analipwa nini? La tatu: mzee wa watu wawili, anakwenda mmoja mara ngapi? Kwenye la tatu Bi Glenys ameacha kucheka. Anainuka, anafunga mlango, anarudi na ratiba, anaigeuzia upande wa Ratidzo.

"Mara mbili mwezi uliopita," anasema. "Tulikuwa tumepungukiwa. Haikupaswa."

Ratidzo anaandika: mbili. Halafu anaendelea na la nne.

Wamesema watapiga simu Jumanne. Kituoni, akingoja basi la kurudi Grimsby, anasema anachotaka ni kidogo tu: Tine amalize shule bila kuhama, na siku moja viza ya mhudumu ifungwe kwenye kazi yake, isifungwe kwenye mfuko wa mtu.

"Na wasipopiga?"

"Zitakuwa zimebaki siku kumi na nane." Analirudisha daftari kwapani. "Nitakwenda kwingine, na maswali ni yaleyale kumi na moja. Sipunguzi hata moja."