Herufi Ndogo za Mzee Wangu

Nimeishi na wake wenza miaka arobaini na moja, na wote walikuwa na mikia. Mzee wangu alikuwa daktari wa mifugo. Tukikaa mezani tu, mtu anabisha hodi kwamba ng'ombe wake anashindwa kuzaa, naye anaacha chai inatoa moshi, anavaa mabuti, huyo! Siku ninamzaa mtoto wetu wa tatu, yeye alikuwa kwenye zizi la watu, mkono umezama mpaka begani ndani ya mtamba mmoja mwekundu, ng'ombe wa uzazi wa kwanza. Akarudi jioni ananuka zizi, akasimama mlangoni kwangu anatabasamu, akasema, "Amejifungua salama."

Nikamwuliza, "Nani? Mimi au yeye?"

Hao niliwazoea. Ng'ombe hana hila, hakai sebuleni kwako akacheka na mumeo.

Shule mimi niliishia darasa la pili, na sioni haya kulisema, maana kusoma nilifundishwa na mume wangu. Wala si kwa kitabu. Tulipooana alikuwa anaweka dawa zake za wanyama jikoni, rafu moja na mafuta yangu ya kupikia. Siku moja nusura nikaange vitunguu kwa dawa ya kupe. Toka siku hiyo kila chupa akaibandika karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, kila moja ina urefu wa kidole changu: SUMU. YA KUPE. YA MACHO. USIGUSE. Hapo ndipo nilipojua kusoma. Magazeti na vijiherufi vyake yananishinda mpaka leo, lakini mwandiko wa mume wangu nilikuwa nausoma nikiwa nimesimama mlangoni. Na nilikuwa najivuna nao. Wenzangu walinunuliwa nguo na waume zao, mimi niliandikiwa herufi kubwa.

Basi ukaja ugonjwa. Ulianza na kidole gumba cha mkono wa kulia, kikawa kinacheza chenyewe kama mtu anayeviringisha punje ya mahindi. Kisha mkono mzima. Hospitali wakasema ni ugonjwa wa Parkinson, ni wa ubongo, hauponi ila unapunguzwa makali. Wakampa vidonge vya kumeza kwa saa, na mimi ndiye saa yake. Ila kilichoniuma ni hiki: mkono ule ukikaa bure pajani unatetemeka, nikiushika mimi unatetemeka, lakini akiuweka juu ya mbavu za ng'ombe, kimya. Unatulia kama mtoto aliyeona mama yake. Nikasema, haya, hata ugonjwa una upendeleo.

Kazi aliiacha kwa sababu ya mbwa. Alikuwa anamchanja mbwa wa mwenye duka, sindano inakwenda huku na huku, mwenye duka akasema, "Daktari, hapa anayeogopa ni nani, wewe au mbwa?" Watu wakacheka. Naye akacheka. Akaja nyumbani, akavua koti jeupe, akalikunja vizuri, pindo juu ya pindo, akaniambia neno moja: "Basi." Wiki ile ile akapeleka barua ya kustaafu.

Mungu anisamehe, mimi nilifurahi. Nikasema sasa ni wangu peke yangu, zamu yangu imefika. Nikaweka viti viwili barazani.

Kiti changu nilikikalia wiki tatu.

Ofisini alikuwa amemwachia nafasi yake daktari mwanamke, binti mbichi, alikuwa na mwaka mmoja tu pale. Nikamwona anaingia kwangu siku ya Jumanne na daftari jipya mkononi, kalamu ameichomeka kwenye nywele.

"Shikamoo, bi mkubwa," akasema.

Bi mkubwa! Nikaitika kwa nusu mdomo. Ananiita bi mkubwa nyumbani kwangu, na bi mkubwa hawi bi mkubwa mpaka pawe na bi mdogo.

Mzee akanieleza kwa ile sauti yake iliyokuwa imeanza kufifia: anataka kuandika yote anayoyajua, ya kuzalisha, ya homa, ya kwato, kabla mkono haujamshinda kabisa. Huyu binti ndiye atakayebaki nayo. Akawa anakuja Jumanne na Ijumaa. Anakaa wapi? Kwenye kiti changu cha barazani. Mimi natoka na chai, narudi na vikombe, kama mtumishi. Mzee anaandika, binti ameinamisha kichwa karibu na chake, mara ananong'onezwa neno, mara anaangua kicheko mpaka anashika mbavu. Kwangu mzee alikuwa hacheki tena, uso umekakamaa kama umepigwa pasi. Nikajiambia, vicheko anavihifadhi kwa wageni.

Ijumaa moja nilipopeleka chai nikanyoosha shingo nione anachoandika. Nilichokiona kilinifanya nimwage chai kwenye kisahani. Herufi zile! Ndogo, ndogo kama sisimizi, zimebanana, zinashuka mstari kwa upande kama zinakimbia. Nilikodoa macho, sikuambua hata neno moja.

Nikarudi jikoni nikakaa juu ya ndoo. Mtu aliyeniandikia SUMU kwa herufi za kidole kizima, leo anaandika nini kidogo namna ile? Kitu kikiandikwa kidogo, kuna mtu hatakiwi kukisoma. Na nyumba ile asiyejua kusoma herufi ndogo alikuwa mmoja tu.

Binti alipoondoka, mzee akaingia kulala kidogo, nikalichukua daftari. Nikampelekea fundi cherehani, jirani yangu, yule anayetunga uzi kwenye sindano bila miwani. Akaligeuza, akalisogeza dirishani.

"Shoga yangu, hii si barua, huu ni uchafu wa panya."

"Hakuna jina la mtu humo? Hakuna neno 'mpenzi'?"

"Hapa naona 'kiwele'."

"Kiwele cha nani?"

Fundi akacheka mpaka akatema pini. Mimi sikucheka. Nikarudi nyumbani, nikalizika daftari kwenye debe la unga.

Jumanne wakalitafuta. Mzee alipekua chini ya mito, juu ya kabati, miguu yake inaburura, anageuka kwa hatua ndogondogo. Binti anapekua naye. Mimi nimekaa nachambua maharage, nawaangalia. Mwisho mzee akachoka, akaenda kukaa. Binti akanifuata jikoni.

"Bi mkubwa, hujaliona daftari letu?"

"Letu?" nikamwambia. "Sikia, we binti. Bi mkubwa yupo palipo na bi mdogo. Mdogo ni nani humu?"

Akataka kucheka, akaniangalia usoni, akaacha. "Mama, unafikiri mimi na mzee..."

"Sifikiri. Nina macho. Kwa nini anakuandikia kidogo kidogo, kama si mambo ya kufichana?"

Nilitegemea akane, au alie. Akasema tu, "Kesho njoo ofisini, mama. Nikikueleza kwa mdomo hutanisadiki."

Nilikwenda. Si kwa sababu aliniita. Nilitaka kuona alivyokaa mahali pa mume wangu. Friji ya chanjo ilikuwa pale pale na mlio wake, glovu ndefu zinaning'inia msumarini. Lakini kwenye kiti cha mzee, kile kilichochakaa kwa makalio yake miaka yote, binti ameweka mto. Mto wa maua. Nikauweka moyoni.

Akafungua kabati la kadi za mifugo, akazipanga mezani moja moja kama anayecheza karata. Ya kwanza niliisoma nikiwa nimesimama: MAJIKE MATATU. CHANJO TAYARI. Herufi za mume wangu, pana, zimesimama vizuri. Akaweka nyingine, ya mwaka uliofuata. Nyingine. Kila kadi herufi zinapungua, kama sabuni inavyoliwa na maji. Akagusa moja kwa kidole.

"Hii ni ya miaka mitatu iliyopita, mama. Mimi nilikuwa bado niko chuoni, simjui wala hanijui. Ni ugonjwa. Unabana mwandiko. Yeye mwenyewe anaona anaandika kama zamani."

Miaka mitatu. Hapo nikakumbuka karatasi ya chupa ya mwisho ya dawa ya kupe. Nilimgombeza nayo. Nilimwambia, "Wino umepanda bei, au umeanza kuninyima herufi?" Na yeye akaitazama, akasema, "Mbona ni kubwa?" Kidole kilikuwa bado hakijaanza kucheza. Ugonjwa niliuona mimi kabla ya hospitali yoyote, nikadhani ni ugomvi.

"Hata mimi nusu ya daftari siwezi kuisoma," binti akasema. "Nikimwomba niandike mimi, anakataa. Anasema nitaandika nilivyofundishwa chuoni, si anavyosema yeye."

"Na vile vicheko vyenu?"

Akaona haya. "Ananisimulia habari zako. Eti siku ulipomwuliza aliyejifungua ni wewe au mtamba."

Nikakasirika upya. Maneno yangu mwenyewe, anakwenda kuchekesha nayo watu wengine! Msamaha sikumwomba. Mimi sijui kumwomba msamaha mtu aliyeweka mto kwenye kiti cha mume wangu. Nilimwambia aufue, una nywele za mbwa.

Nyumbani nikalitoa daftari kwenye unga, nikalikung'uta, nikaenda barazani nikakaa kwenye kiti changu. Mzee akaliangalia lile daftari jeupe kama limepakwa poda, akaniangalia mimi. Nikaichukua kalamu kutoka vidoleni mwake.

"Unafanya nini, mama watoto?"

"Naandika. Sema."

"Wewe?"

"Mimi chuo sikwenda. Utakalosema ndilo nitakaloandika, sina la kuongeza."

Uso wake hauonyeshi kitu siku hizi, lakini macho ninayajua. Akasema polepole, "Ndama akitanguliza miguu ya nyuma..."

"Ngoja. Ndama bado hajaisha."

NDAMA ilichukua nusu ya ukurasa. Alikuwa ameuweka ule mkono wake juu ya mkono wangu, unatetemeka, na mimi sikuuondoa, ndiyo maana A zangu zote zina mawimbi. Ukurasa mmoja unabeba maneno manne, ukibahatika matano. Tumemaliza daftari la kwanza, la pili, sasa tuko la sita. Neno linalonishinda ananichorea kwa kidole mezani, na mezani herufi zake bado ni kubwa.

Binti anakuja Jumanne. "Shikamoo, bi mkubwa." Marahaba. Nimempa kigoda. Daftari simkabidhi, ninamsomea mwenyewe, kidole juu ya neno, naye ananakili. Akikosa neno, aniulize mimi. Akitaka ukurasa zaidi, aniombe mimi. Ananiomba vizuri, sina la kumlaumu, ingawa ule mto wa maua bado upo, nimekwenda kuangalia.

Juzi mzee akasema tumefika kwenye habari za yule mtamba mwekundu. Alikuwa na mengi, akasema, alimfundisha mengi kuliko chuo, itafika kurasa kumi. Akafumba macho kabisa kumkumbuka.

Nimempa mstari mmoja.