Maji ya Rejeta ya Baba

Mpaka leo, nikisikia harufu ya rejeta inayochemka, ule mvuke wenye kutu, namwona baba ameinama mbele ya pikapu yake, tambara mkononi, akisubiri kifuniko kipoe.

Jamani, pikapu ile ilimeza ng'ombe wetu wote. Baba aliuza zizi zima kijijini kwetu Lingeka ili apate gari la kubebea watu na mbuzi kwenda mnadani Mwanhuzi. Ikifa, basi hatuna gari wala maziwa. Nayo ilikuwa kuukuu, inachemsha hiyo! Kila kilima abiria walishuka wakiguna, mimi na mama tukashusha madumu ya maji ya kisima chetu, tukainywesha.

Washauri hawakukosekana. Mmoja alisema toeni thamostati, kile kidude cha kudhibiti joto la injini, ikatolewa. Mwingine akasema mkanda wa feni umelegea, ukabadilishwa. Baba mdogo aliapa kwamba ni husuda ya jirani, akafunga kitambaa cheusi chini ya usukani. Wapi! Ikachemsha pamoja na kitambaa chake.

Mwishowe ilivutwa na lori la pamba hadi Bariadi, sisi watatu ndani, kwa fundi mmoja kijana, mwingi wa maneno. Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Akafungua rejeta, akaikwangua kwa bisibisi. Ukadondoka ukoko mweupe, mgumu kama wa sufuria ya ugali.

"Mnaweka maji gani humu?"

"Ya kisimani kwetu," baba akajibu.

"Yana chumvi, mzee. Yameziba njia zote. Joto limeipinda hedi, injini ndiyo basi tena. Maji haya yanaua chuma."

Baba alikaa juu ya tairi. Nilimwonea huruma mpaka nikalia.

Mama ndiye aliyeuliza, taratibu: "Na sisi tunaoyanywa?"

"Aa, mayu, mama yangu, kwani wewe una rejeta?" Mafundi wote wakaangua kicheko, na mimi, machozi bado mashavuni, nikacheka nao.

Sasa, kwa madini ya maji yale, meno yangu yana madoa ya kahawia, na mgongo wa mama umekakamaa, hawezi kuinama. Ndipo naelewa kwamba mama hakuuliza kwa ujinga. Ugonjwa waliousaka wanaume wote, yeye peke yake aliona umefika wapi. Aliuona, akarudi nyumbani, akachukua ndoo. Hakukuwa na pengine pa kuchota.